打: "piga" ya Kichina, na pale ambapo "piga" yetu haifiki

Msomaji wetu wa Kariakoo anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Nina duka la mikoba na mzigo wangu unatoka Yiwu, kule China. Najifunza Kichina huu mwezi wa nne. Herufi 打 nimeambiwa ni 'piga', na naikuta kila mahali. Wiki iliyopita nilimwandikia muuzaji wangu 请打照片, nikitaka apige picha za mikoba mipya anitumie. Akaniuliza kama nataka kuchapishiwa! Kamusi ya kwenye simu inanipa maana zaidi ya ishirini. Naomba unielekeze niiandike vipi ikae mkononi, na niitumie vipi nisiaibike tena. Picha ya daftari langu nimeiambatanisha."

Marahaba, binti yangu.

Kwanza nikuondoe hofu juu ya ule ujumbe. Kuchapa kitu kwa printa, Wachina wanasema 打印 dǎyìn, na kwenye maongezi ya haraka wanabakisha 打 peke yake. Ukimwandikia 打照片, anachokiona kichwani ni printa na karatasi. Aliuliza swali la haki kabisa. Wewe ulikuwa umefikiri kwa Kiswahili: piga picha, "piga" ni 打, basi imeisha. Nimefundisha lugha hii miaka mingi, na nakwambia kosa lile lilikukuta ukiwa kwenye njia sahihi. Katika herufi zote ninazozijua, hakuna ambayo Mswahili anaikuta tayari mdomoni mwake kama hii. Mchina naye anapiga simu, anapiga chafya, anapiga miayo. Kilichobaki ni kujua anaachia wapi.

Lakini tuanze na mkono, kwa sababu daftari lako limenipa kazi.

Nimeikuza ile picha nikaitazama mstari kwa mstari. Herufi 打 ina mistari mitano tu. Kushoto kuna 扌, ambayo ni 手 shǒu, yaani mkono, uliobanwa ili upishe mwenzake. Wachina wanakiita kipande hicho 提手旁 tíshǒupáng. Kulia kuna 丁 dīng. Unaanza na mstari mfupi wa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia. Wa pili unasimama, unaukata wa kwanza ukishuka, na ukifika chini kalamu inasita kidogo kisha inarushwa kushoto ikaacha ndoana. Wa tatu unaanzia kushoto, chini ya ule wa kwanza, unapanda kwenda kulia ukiukata ule uliosimama. Hapo mkono umekamilika. Wa nne ni mstari wa kulala wa 丁, na wa tano unashuka kutoka katikati yake, nao ukimaliza kwa ndoana ya kushoto.

Wewe mstari wa tatu umeushusha. Umeuanzia katikati, pale mistari inapokatana, ukauburuta kwenda chini kushoto kama mkia. Umefanya hivyo karibu ukurasa mzima. Binti yangu, hiyo siyo 扌 tena. Hiyo ni 才 cái, herufi inayojitegemea yenye maana ya "ndipo" au "ndiyo kwanza". Mchina akisoma daftari lako anaona 才 kisha 丁, vitu viwili vimesimama jirani bila kujuana. Mwelekeo wa mstari mmoja tu umegeuza mkono kuwa neno lingine.

Na upande wa kulia umeandika T, ile T ya shuleni, imenyooka mpaka chini. Naelewa, vidole vyako vimeandika T tangu darasa la kwanza. Lakini 丁 ina ndoana, na bila ndoana herufi inaonekana kama imekatika mguu.

Sasa nikuonyeshe kwa nini mistari inafuatana hivyo, maana ukilielewa hili hutahitaji kukariri. Chukua kalamu uandike taratibu sana. Ndoana ya mstari wa pili inaitupa kalamu kushoto. Kalamu ikishakuwa kushoto, imefika penyewe mahali mstari wa tatu unapoanzia. Mstari wa tatu unapanda kwenda kulia, na ncha yake inaelekea pale mstari wa nne unapoanzia. Yaani kila mstari unapoisha unaikabidhi kalamu kwa mstari unaofuata. Ndiyo maana ule wa tatu ukaitwa 提 tí, "inua": unauinua mkono na kuupeleka kwa jirani. Siku utakapopokea risiti ya Yiwu iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka, utakuta wa pili na wa tatu vimeungana kuwa mkunjo mmoja, na ule mkunjo utauelewa kwa sababu mkono wako umeshapita njia hiyo.

Halafu nafasi. Tumia daftari lenye visanduku vya 田字格 tiánzìgé, vile vyenye msalaba katikati. Kama hulipati, chora mwenyewe kwa rula. 扌 ichukue kama theluthi moja ya kisanduku, wembamba, na 丁 ipate sehemu iliyobaki. Kichwa cha mkono kiwe juu kuliko paa la 丁. Kwako vyote viwili vina upana sawa na kimo sawa, tena katikati mwachano wa kupita mtu.

Umeniuliza uiandike vipi ikae mkononi. Umejaza kurasa tatu, na nimeona kitu: mistari miwili ya juu ya kila ukurasa ina uhai, kuanzia hapo kwenda chini inazidi kulegea. Hapo ulikuwa huandiki 打, ulikuwa unanakili 打 ya juu yake, na kosa la juu linarithiwa mpaka chini. Andika tano ukiangalia mfano. Funga daftari. Andika moja kutoka kichwani, kisha fungua uilinganishe na mfano, mstari kwa mstari. Kesho asubuhi kabla hujafungua duka andika moja bila kuangalia. Baada ya siku tatu nyingine. Juma lijalo tena. Zile moja moja za kutoka kichwani ndizo zinazokaa, kwa sababu unazitafuta mwenyewe.

Na kipande 扌 usikifanyie mazoezi ndani ya 打 peke yake. Kiandike na ndugu zake: 推 tuī, sukuma, na 拉 lā, vuta, ambazo utaziona kwenye milango ya maduka yote China; 找 zhǎo, tafuta; 换 huàn, badilisha. Zote ni kazi za mkono na zote zina ule mstari unaopanda. Ukiandika hizo nne kwa siku mbili tatu, ile 才 yako itaondoka yenyewe.

Tuje kwenye sauti. Watu wengi wetu wanasoma dǎ wakatamka "da" kama ya dada. Siyo hiyo. Herufi d ya pinyin, yaani yale maandishi ya Kichina kwa herufi za Kirumi, haina mtetemo wa kooni; ni t isiyotoa pumzi. Na t ya pinyin ni ile inayotoa pumzi. Kama umekulia pwani, au una bibi wa Lamu au Mombasa, utalishika hili kwa dakika moja: msikilize akisema paa la nyumba, kisha paa yule mnyama wa porini. Mnyama anatoka na pumzi mdomoni, la nyumba halina. Weka kiganja mbele ya midomo utaihisi. Tofauti hiyohiyo ndiyo ya d na t, b na p, g na k katika pinyin. Kwa hiyo 打 iko karibu zaidi na "ta" kavu kuliko "da" ya dada.

Toni yake ni ya tatu, ile ya chini. Vitabu vinaichora kama bonde, inashuka na kupanda, lakini ndani ya sentensi mara nyingi husikii kupanda. Inashuka ikatulia chini. Katika 打电话 dǎ diànhuà, piga simu, weka 打 chini kabisa uiache huko. Ila ikifuatwa na toni ya tatu nyingine, hii ya kwanza inapanda: 打鼓 dǎ gǔ, piga ngoma, linasikika dá gǔ, ingawa linaandikwa vilevile.

Sasa utaniuliza, kama nilivyomuuliza mwalimu wangu: 丁 inafanya nini pale kulia? Huwa inabeba sauti. Itazame inavyofanya kazi kwa wengine: 钉 dīng, msumari, 顶 dǐng, kilele, 灯 dēng, taa, na 订 dìng, kuagiza, ambayo wewe unaihitaji kila mwezi kwenye 订货 dìnghuò, kuagiza bidhaa. Zamani 打 nayo ilitamkwa kwa sauti ya jamaa hiyo, ikiishia na ng. Kisha midomo ya watu ikaenda kwenye dǎ, maandishi yakabaki na 丁. Herufi yenyewe wala siyo miongoni mwa za kale sana. Kamusi ya herufi ya mwanazuoni Xu Shen, ya karibu mwaka 100, haikuwa nayo; iliongezwa mwaka 986, mwanazuoni mwingine, Xu Xuan, alipoisahihisha kamusi hiyo kwa amri ya mfalme.

Na kelele unayoipiga wewe juu ya maana zaidi ya ishirini, Wachina wenyewe waliipiga miaka elfu moja iliyopita. Ouyang Xiu, aliyeishi kuanzia 1007 hadi 1072, mwanahistoria na mmoja wa waandishi wakubwa wa enzi ya Song, aliandika kwamba katika makosa ya usemi wa zama zake, lile ambalo wakubwa kwa wadogo wote wanashiriki ni herufi 打. Maana yake ni kugonga, akasema, na hata mfua dhahabu na fedha akiitumia ni sawa, maana kuna nyundo. Lakini watu wanaunda jahazi wakasema 打船, wanatengeneza gari la kukokotwa wakasema 打车, wanavua samaki wakasema 打鱼, wanachota maji wakasema 打水, mtumishi anamshikia bwana mwavuli wakasema 打伞. Alikagua hata matamshi, akakuta yale ya watu hayamo kwenye vitabu. Karne tisa baadaye mwanaisimu Liu Bannong naye aliketi akakusanya matumizi ya herufi hii moja. Kwa hiyo usijione mzito wa kuelewa.

Mimi 打水 ilinifikia kwa njia ya chupa ya chai. Nilikuwa mwanafunzi China, majira ya baridi, na jioni kila mtu bwenini anabeba chupa yake kwenda kwenye chumba cha maji ya moto. Mwenzangu wa chumbani akasimama mlangoni na chupa mbili, akasema 去打水吗, qù dǎ shuǐ ma? Nilijua 去 ni kwenda, nilijua 水 ni maji, na nilijua 打 ni piga. Twende tukapige maji? Nikamfuata tu. Nikamwona anaweka mdomo wa chupa chini ya bomba, mvuke unampanda mpaka kwenye miwani, na ndipo nikajua kwamba ni kuchota. Mpaka leo nikiandika 打水 nauona ule mvuke. Miaka mingi baadaye nilipoyasoma malalamiko ya Ouyang Xiu nikakuta neno lilelile, nikafurahi kama niliyekutana na jirani wa zamani.

Basi tuitazame "piga" yetu kwa makini, maana nayo ukimpa mgeni atalalamika vilevile. Tunapiga simu, hatumpigi mtu kitu. Tunapiga chafya na hakuna aliyeumia. Tunapiga deki, tunapiga pasi, tunapiga mbizi, tunapiga soga. Kitenzi kimepoteza rungu lake, kikabaki na ule mwendo tu: tendo linatokea, mara nyingi kwa mkono, mara nyingi kwa wepesi, na jina linalofuata ndilo linalotueleza ni tendo gani. 打 imepita njia hiyohiyo. Ukiisoma kwa jicho hilo, zile maana zaidi ya ishirini za kamusi zinapungua sana: angalia jina linalofuata, hilo ndilo lenye maana.

Kwa hiyo yako mengi unayoweza kuyabeba moja kwa moja. 打电话, piga simu. 打喷嚏 dǎ pēntì, piga chafya. 打哈欠 dǎ hāqian, piga miayo. 打字 dǎzì, piga chapa. 打针 dǎzhēn, piga sindano. 打雷 dǎléi, radi inapiga. 打仗 dǎzhàng, piga vita. 打架 dǎjià, kupigana. Hata 打算 dǎsuàn, kukusudia: 算 ni kuhesabu, na sisi mtu anayepanga jambo tunasema anapiga hesabu. 我打算下个月去义乌, wǒ dǎsuàn xià ge yuè qù Yìwū, napiga hesabu za kwenda Yiwu mwezi ujao. Lugha hizi hazikuazimana katika hayo. Kila moja ilichukua neno la kugonga ikalipa kazi zote.

Pale zinapoachana, Mchina anauliza mkono unafanya nini hasa. Chukua ala za muziki. Sisi tunapiga ngoma, tunapiga gitaa, tunapiga filimbi, tunapiga zeze. Yeye ngoma anaipiga, 打鼓, kwa sababu kweli inagongwa. Gitaa anasema 弹 tán, kwa kuwa vidole vinadonoa. Filimbi ni 吹 chuī, anapuliza, na ndani ya herufi hiyo kuna mdomo, 口. Fidla ni 拉 lā, ileile ya mlangoni, kwa kuwa upinde unavutwa. Kura hapigi, anairusha, 投票 tóupiào. Mhuri haupigi, anaufunika juu ya karatasi, 盖章 gàizhāng, na hili kwenye nyaraka zako za mzigo utalikuta sana. Mswaki hapigi, anasugua meno, 刷牙 shuāyá. Hodi ni 敲门 qiāomén, kugonga mlango.

Na picha? Picha ni 拍 pāi. Itazame vizuri: kushoto kuna 扌 ileile, mkono, na kulia 白 bái inayobeba sauti. 拍 ni kupiga kwa kiganja, pigo jepesi. Ndiyo iliyo kwenye 拍手 pāishǒu, kupiga makofi. Kwa hiyo hata Mchina picha anaipiga. Ulipishana naye kwa aina ya pigo tu, na hapo ndipo nilipotabasamu niliposoma barua yako, kwa sababu ulikuwa karibu mno.

Upande wa pili, kuna mahali yeye anapiga na sisi tunatumia neno jingine: 打篮球 dǎ lánqiú, cheza mpira wa kikapu, 打鱼, vua, 打伞, jifunike mwavuli, 打车 dǎchē. Hilo la mwisho likutane na Ouyang Xiu: kwake 打车 ni kutengeneza gari, leo ukisimama barabarani ukasema 打车 umeita teksi. Herufi ni zilezile mbili.

Kuna jambo la sarufi ambalo wanaojifunza karibu wote wanateleza, na wewe una dawa yake. Usiseme 打电话你. Sema 我给你打电话, wǒ gěi nǐ dǎ diànhuà. Hiyo 给 gěi ndiyo ile "-ia" ya kwetu: kupiga, kupigia. Nitakupigia simu. Kiswahili kinaiingiza ndani ya kitenzi, Kichina kinaitoa nje na kuiweka mbele pamoja na mtu anayehusika. Mara nyingi ukitaka kusema pigia, andikia, nunulia, letea, simamisha 给 na mtu kwanza, kitenzi kifuate. Na kwa kuwa 电话 ni jina linalosimama peke yake, unaweza kupenyeza kitu katikati: 打了三个电话, dǎ le sān ge diànhuà, nimepiga simu tatu.

Halafu 打 inapenda kuongezewa neno la matokeo. 打开 dǎkāi, fungua: umepiga, kikafunguka. 打不开 dǎ bu kāi, hakifunguki, sentensi utakayoihitaji siku faili la orodha ya bei litakapogoma. 打错了 dǎ cuò le, umekosea namba. 你的电话打不通, nǐ de diànhuà dǎ bu tōng, simu yako haipatikani.

Nimeacha ya biashara mwisho ili nikae nayo, maana barua yako imetoka dukani.

打样 dǎyàng ni kutengeneza sampuli. Hapa 打 ni ile ya kuunda, ndugu wa 打船 iliyomkera Ouyang Xiu. Kabla hujatoa oda ya mkoba wenye nembo yako andika 可以先打样吗, kěyǐ xiān dǎyàng ma, mnaweza kutengeneza sampuli kwanza? Wakikujibu na neno 打样费 dǎyàngfèi, wanataja gharama ya sampuli hiyo. Uliza mapema kama itakatwa kwenye oda kubwa.

打包 dǎbāo ni kufunga mzigo. Utalikuta pia hotelini, ukitaka chakula kilichobaki ufungiwe.

打款 dǎkuǎn ni kutuma malipo. 我明天打款, wǒ míngtiān dǎkuǎn, kesho natuma pesa. Ukishatuma: 钱打过去了, qián dǎ guòqù le. Zamani pesa zilihesabiwa mkononi. Leo zinapigwa kama simu.

打折 dǎzhé ni kupunguza bei, na hapa kaa macho. 打八折, dǎ bā zhé, ina nane ndani yake, lakini haina maana kwamba umepunguziwa asilimia 80. Maana yake unalipa sehemu 8 kati ya 10. Mkoba wa yuani 40 ukiambiwa 打八折 utalipa yuani 32. Nimewaona watu wakishangilia 打九折 dǎ jiǔ zhé wakidhani mzigo ni wa bure, kumbe wamepunguziwa moja ya kumi. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, ndiyo nafuu yako. Ukitaka kujadiliana, omba 打七折, usiombe 打九折.

Na moja ambayo siyo "piga" kabisa. Ukiona namba mbele ya 打 kwenye orodha ya bei, kama 一打, isome yì dá, toni ya pili. Hiyo ni dazeni. Wachina waliichukua kutoka neno la Kiingereza wakatafuta herufi yenye sauti ya jirani, nasi tukalichukua neno lilelile tukasema dazeni. Kwa hiyo 十打 kwenye orodha ya pochi ni dazeni 10, yaani pochi 120. Usije ukalipa ukidhani ni pochi 10.

Kwa wiki hii chukua maneno manne tu: 打电话, 打样, 打包, 打折. Kila siku andika sentensi moja yenye mojawapo, kwa mkono, kutoka kichwani, sentensi ambayo ungeweza kweli kumtumia muuzaji. Kisha nipigie picha ukurasa wa siku ya saba nione mstari wa tatu unapanda.

Na ule ujumbe uandike upya hivi: 请拍几张照片给我, qǐng pāi jǐ zhāng zhàopiàn gěi wǒ. Naomba upige picha kadhaa unitumie. Hapa 给我 imekaa mwisho kwa sababu picha zinapigwa kwanza, ndipo zinakuja kwako.